Pambo la Matanga

Jioni hii nataka kuwasimulia habari za kitu kidogo, kisichozidi yai la njiwa kwa ukubwa, nacho kilinifundisha jambo ambalo sikulipata vitabuni.

Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu, tulikuwa na mwalimu mmoja, bibi wa Kiingereza. Kila siku alifunga shingoni mwa nguo yake bizimu, yaani pini ya pambo. Lilikuwa la dhahabu. Katikati pana kito cheusi, na lulu ndogo ndogo zimekizunguka. Sisi wanafunzi tulinong'ona kwamba ni hirizi. Siku moja pini yake ilikatika darasani, bizimu likaanguka miguuni pangu. Nikaliokota, nikaligeuza. Kumbe nyuma yake pana kioo, na ndani ya kioo mna nywele za mtu, rangi ya majani makavu, zimesukwa vizuri kabisa. Nikaingiwa na hofu, nikaliweka mezani upesi kama mtu aliyeshika kaa la moto. Maana kwetu mtu akifa, walio hai ndio wanyolewao, na nywele zile hutupwa mahali pa siri. Nani atazivaa shingoni?

Yule bibi hakukasirika. Alituambia ya kuwa lile lilikuwa pambo la matanga, alilorithi kwa nyanya yake.

Desturi hiyo ni ya zamani katika Uingereza. Mfalme Charles wa Kwanza alipokatwa kichwa mwaka 1649, watu waliompenda walivaa pete zenye sura yake, na wengine wakazifichia nywele zake ndani. Lakini desturi ilienea hasa katika siku za Malkia Victoria. Mumewe, Albert, alikufa tarehe 14 Desemba 1861, naye ana umri wa miaka 42 tu. Tangu siku ile Malkia alivaa nguo nyeusi mpaka alipokufa yeye mwenyewe, tarehe 22 Januari 1901. Hesabuni: ni karibu miaka 40. Mwanamke wa Kiislamu aliyefiwa na mumewe hukaa eda miezi 4 na siku 10. Mjane wa Kiingereza wa siku zile alitazamiwa kuvaa nguo za msiba miaka miwili au zaidi. Wala hakuruhusiwa kuvaa vito ving'aavyo kwanza, ila vyeusi visivyo na mng'ao mwingi.

Basi vito vyeusi vikatafutwa sana. Kimoja ni jeti, ambayo kwa hakika si jiwe, bali ni mti. Zamani sana, yapata miaka milioni 180 iliyopita, magogo ya miti yalichukuliwa na maji hata baharini, yakazama topeni, yakalemewa na matope mengine juu yake, mpaka yakageuka kuwa kitu kigumu cheusi. Jeti iliyo maarufu hupatikana pwani ya Whitby, upande wa mashariki wa Uingereza. Ni nyepesi mkononi, wala haina ubaridi kama kioo. Ukiisugua kwa kitambaa cha sufu, huvuta vipande vidogo vya majani makavu. Katika miaka ya 1870 watu zaidi ya 1,000 wa mji ule walipata riziki yao kwa kuichonga. Kisha wakaja wafanya biashara na vioo vyeusi vya bei rahisi, na mtindo nao ukabadilika, kazi ile ikafa.

Kito kingine ni akiki nyeusi. Nayo mara nyingi haikuzaliwa nyeusi. Mafundi wa Ujerumani waliiloweka akiki katika maji ya asali au ya sukari siku nyingi, kisha wakaitia katika asidi kali. Ile sukari iliyoingia ndani ikageuka kuwa makaa, na jiwe likawa jeusi. Lulu nazo ziliwekwa kuwa mfano wa machozi.

Lakini kilichothaminiwa kupita vito vyote ni nywele, kwa sababu hazikununuliwa; zilikatwa kichwani mwa mpendwa. Hapo hofu ikaingia. Watu walipeleka nywele kwa sonara, kisha wakashuku: je, hizi nilizorudishiwa ni zake kweli, au fundi amezipoteza akatia nyingine? Kwa hiyo wengi walipenda kuzisuka wenyewe nyumbani. Mwaka 1867, Mark Campbell wa Marekani alichapisha kitabu kizima cha kufundisha kazi hiyo.

Bibi alipokwisha kueleza hayo yote, mimi niliinua mkono nikauliza, "Bibi, nywele hizi ni za nani?" Akajibu, "Ni za mtoto wa nyanya yangu, aliyekufa angali mdogo." Nikauliza tena, kwa ujinga wa ujana, "Jina lake nani?" Akaligeuza bizimu, akatazama maandishi yaliyokuwa yamechorwa pembeni, nayo yamefutika kwa kuvaliwa na kusuguliwa. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Sijui. Sikumwuliza nyanya." Akalifunga tena kwa uzi shingoni mwake, akaendelea na somo la hesabu.

Wasikilizaji wangu, dhahabu ilikuwako, kito kilikuwako, hata nywele zenyewe zilikuwako. Jina tu halikuwako. Nilimhurumia, kisha nikajihurumia mwenyewe, maana niligundua ya kuwa mimi nami sikuyajua majina ya ndugu zangu wawili waliokufa kabla sijazaliwa.

Likizo ilipofika nilimwuliza mama. Aliacha kupepeta mchele, akaweka ungo chini. Akanitajia majina yao, na ugonjwa uliowachukua, na jinsi yule wa pili alivyokuwa akicheka asikiapo ngoma. Niliyaandika yote katika daftari ya shule. Mama hakujua kusoma, lakini alishika daftari ile mikononi mwake, akaniomba nimsomee mara mbili.

Sasa mama naye hayupo. Daftari ninayo, na watoto wangu wanaisoma.

Ninyi wanafunzi mnaonisikiliza, mmejifunza kuandika. Usiku huu, au kesho, mwendeeni mzee wa nyumbani kwenu kwa adabu, mkamwulize majina ya waliotangulia. Msingoje msimu mwingine. Wino na karatasi ni vya bei rahisi, wala havihitaji sonara.