Waridi na Tone la Karafuu



Kwetu Kirushya, wilayani Ngara, maua ya altare hukatwa Jumamosi alasiri, na utotoni nilikuwa nikiyahuzunikia kila yalipoinamisha vichwa kabla ya Jumanne, nikiambiwa na wakubwa kwamba ajali yao imefika. Leo nasimama mbele ya hadhara hii kusema kwamba mengi katika maua yale yalikufa kwa kiu, hali ya kuwa yamesimama majini.

Bua likatwapo, mishipa yake myembamba hubaki wazi, na maji ya chombo, yakichanganyika na utomvu na majani yaozayo, huwa malisho ya bakteria, ambao huzaana na kuiziba mishipa hiyo kwa ute wao, hata maji yakashindwa kupanda. Litazameni waridi: huinama shingo, pale chini kidogo ya ua ambapo bua lingali laini, na petali zake bado zina rangi kamili.

Basi ndipo inapoingia karafuu. Unguja na Pemba zimeilima tangu karne ya 19, na huko Chake Chake hata makonyo yake hukenekwa kwa mvuke yakatoa mafuta, ambayo sehemu yake kubwa ni eugenoli, dawa ile ile itulizayo jino bovu, nayo ikitiwa katika maji ya chombo hutoboa ngozi nyembamba ya bakteria hata wakafa. Timoli iliyomo katika zaatari ina tabia iyo hiyo. Wakulima wa Naivasha, Kenya, ambao mawaridi yao husafiri kwa ndege hadi mnada wa maua wa Aalsmeer, Uholanzi, wana vyumba vya baridi na dawa za viwandani. Altare ya kijijini haina hivyo, na kwa maoni yangu elimu hii ni haki yake kwanza.

Lakini mafuta ni mlinzi wa maji tu, wala hayalishi ua; chakula chake ni sukari kidogo, na ndimu huyatia maji uchachu uwazuiao bakteria. Wala mafuta hayo hayatalinusuru ua lililowekwa chumba kimoja na mkungu wa ndizi unaoiva, kama ilivyo desturi ya nyumba zetu, maana ndizi hizo hutoa hewa ya ethilini, nayo huyazeesha maua mengi upesi.

Na kipimo cha mafuta, pamoja na namna ya kuyachanganya, ni jambo kubwa kuliko yote. Mafuta ya aina nyingi huelea. Ya karafuu ni mazito kuliko maji, huzama. Nilipoyadondosha mara ya kwanza, matone yalishuka yakatulia chini ya bilauri, hasa pale lilipokaa jeraha la bua, na kesho yake ncha ilikuwa imeungua, kahawia, laini kama ndizi iliyopondeka. Tangu hapo mimi huyayeyusha kwanza katika spiriti kidogo, nikayatikisa pamoja na maji mengi, kisha nikakata bua upya kwa mshazari.