Mwanga Ndani ya Nyumba: Habari za Msanifu Alberto Campo Baeza

Ninyi mlio darasani, wekeni karatasi zenu mbele yenu mfuate pamoja nami. Nawe usomaye peke yako nyumbani, soma polepole. Pasipoeleweka, rudia.

Leo tutazungumza juu ya nyumba, na juu ya mtu mmoja wa nchi ya Hispania aliyetumia maisha yake kuzifikiri. Jina lake ni Alberto Campo Baeza. Kazi yake ni usanifu wa majengo. Msanifu si yule apangaye matofali. Huyo ni mwashi. Msanifu ndiye alifikiriye jengo kabla halijawapo. Huchora ramani yake, hupima vyumba, na huamua mlango utakaa wapi na jua litaingia wapi.

Campo Baeza alizaliwa mwaka 1946 katika mji wa Valladolid. Baba yake alikuwa daktari mpasuaji, na babu yake alikuwa msanifu majengo. Alipokuwa bado mtoto mdogo, jamaa yake walihamia Cádiz, mji wa kusini uliozungukwa na bahari karibu pande zote. Jua la huko ni kali, na vijiji vingi vya jimbo lile hupakwa chokaa nyeupe. Nchi hiyo ya kusini huitwa Andalusia. Zamani Waislamu walitawala huko kwa karne nyingi, na utawala wao wa mwisho ulikwisha mwaka 1492 mjini Granada. Majumba yao yalikuwa na ua wa ndani wenye maji na miti, uliofichwa na kuta nene. Kwa hiyo Campo Baeza alikua katika nchi ambayo watu wake walijua tangu kale namna ya kuishi na jua.

Alimaliza masomo yake Madrid mwaka 1971. Mwaka 1986 akawa profesa katika chuo kile kile, akafundisha wanafunzi wengi kwa miaka mingi.

Sasa tutazame kazi yake. Watu husema majengo yake ni ya vitu vichache: kuta nyeupe, paa bapa, bila ya nakshi wala mapambo. Ni kweli. Lakini mwenyewe hakulipenda jina la mtu wa vitu vichache. Alipenda kusema kwamba shabaha yake ni kupata kingi kwa kutumia kidogo. Angalieni tofauti. Kupunguza tu si kazi ngumu. Hata mwizi aweza kupunguza vitu nyumbani mwako. Kazi ngumu ni kupunguza vitu na nyumba ikazidi kuwa nzuri.

Je, aliwezaje? Nitatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni nyumba ya Turégano, iliyojengwa mwaka 1988 karibu na Madrid. Fedha zilikuwa kidogo. Msanifu akachagua umbo la mchemraba, yaani kama dadu, kila upande meta 10 hivi. Vyoo, jiko na ngazi akaviweka upande wa kaskazini, kwenye jua haba. Sebule akaiweka kusini, kwenye jua. Kisha akaacha nafasi wazi kutoka ghorofa hata ghorofa, hata mtu aliye juu aweza kuona chini. Nyumba ikawa ndogo kwa vipimo lakini kubwa machoni.

Mfano wa pili ni nyumba ya Gaspar, ya mwaka 1992, katika jimbo la Cádiz. Mwenye nyumba alitaka faragha kamili. Msanifu akazungusha ukuta wa mraba, meta 18 kwa meta 18, wenye kimo cha meta 3 na nusu. Ndani akaugawa mraba huo sehemu tatu zilizo sawa. Hebu fanyeni hesabu: 18 kugawanya kwa 3 ni ngapi? Ni 6. Basi kila sehemu ina upana wa meta 6. Sehemu ya katikati peke yake ndiyo iliyoezekwa. Mbili za kando zikawa ua, wazi kwa mbingu, na humo ikapandwa milimau minne. Ukiwa nje huoni kitu ila ukuta mweupe. Ukiwa ndani, jua hupiga ukuta wa ua, na ukuta huo mweupe hurudisha mwanga ndani ya chumba kupitia vioo. Ukuta uliojengwa kwa ajili ya faragha ukawa pia taa ya nyumba. Kitu kimoja, kazi mbili.

Mfano wa tatu ni jengo kubwa lililokuwa makao makuu ya benki ya akiba ya Granada, lililokamilika mwaka 2001. Hili pia lina umbo la mchemraba, la zege. Katikati yake pana ukumbi mrefu sana wenye nguzo nne nene. Jua huingia kwa matundu ya paani, likapiga kuta zilizofunikwa kwa alabasta. Alabasta ni jiwe lipitishalo mwanga kidogo, nalo huonekana kama lang'aa lenyewe. Nje, upande wa kusini, madirisha yamezama ndani ya zege ili jua kali lisiwafikie wafanyakazi. Upande wa kaskazini hakuna jua la kuzuia, basi madirisha yamewekwa usawa wa ukuta.

Mwaka 2020 serikali ya Hispania ilimpa Campo Baeza Tuzo ya Taifa ya Usanifu wa Majengo.

Huenda mmoja wenu aniuliza: "Mwalimu, maskini naye ana chumba chenye vitu vichache. Mbona hasifiwi?" Swali hili ni la haki, wala tusilikwepe. Maskini hakuchagua. Chumba chake mara nyingi kina dirisha dogo, hewa nzito na giza, na umaskini huo si uzuri. Tena nyumba nyeupe isiyo na ufa hutaka mafundi hodari na matunzo ya kila mwaka, navyo vina gharama. Hatusemi basi kwamba kuwa na vichache ni jambo jema lenyewe. Tunasema hivi: mwenye fedha kidogo ndiye ahitajiye zaidi kufikiri kabla ya kujenga. Tofali likiwekwa vibaya hugharimu sawa na lililowekwa vizuri.

Lakini jihadharini msiige umbo tu. Hispania iko mbali kaskazini mwa ikweta. Huko jua la mchana huwa upande wa kusini mwaka mzima. Kwetu sisi tulio karibu na ikweta jua hupita juu ya vichwa vyetu, miezi mingine likiegemea kaskazini na mingine kusini. Jua lisumbualo ukuta wetu ni lile la asubuhi na la jioni, mashariki na magharibi. Tena mvua zetu ni nyingi, na paa bapa huvuja lisipojengwa kwa uangalifu. Ukichukua ramani ya Cádiz na kuijenga hapa kama ilivyo, utapata joto na maji ndani. Chukua njia yake ya kufikiri: kwanza tazama jua, ndipo uchore dirisha.

Na hii ndiyo kazi yenu ya juma hili. Simama chumbani mwako saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na moja jioni. Andika mwanga waingilia wapi na waangukia ukuta gani. Leteni maandishi hayo darasani.

Maswali
1. Msanifu na mwashi wana tofauti gani?
2. Ukuta wa nyumba ya Gaspar unafanya kazi gani mbili?
3. Kwa nini madirisha ya kusini ya jengo la Granada yamezama ndani?
4. Ukijenga nyumba yako, dirisha kubwa ungeliweka upande gani? Toa sababu.

Kwa herini mpaka somo lijalo.