Nani Yuko Karibu Moyo Unaposimama?



Mwaka 1958, katika maabara ya Johns Hopkins huko Baltimore, mhandisi kijana Guy Knickerbocker alikuwa akiijaribu kwa mbwa mashine ya kushtua moyo, chini ya profesa wa umeme William Kouwenhoven. Akaona jambo: vibao vizito vya mashine vilipogandamizwa kifuani, shinikizo la damu lilipanda hata kabla umeme haujapita. Uzito peke yake ulikuwa unasukuma damu. Mpasuaji James Jude akajiunga nao, na mwaka 1960 wakachapisha matokeo ya kubonyeza kifua kwa mikono. Kabla ya hapo, moyo uliposimama, daktari alilazimika kupasua kifua na kuukamua kwa mkono.

Mara nyingi moyo tunaosema umesimama haujatulia. Vyumba vyake vya chini vinatetemeka ovyo, damu haiendi. Kwa watu wazima chanzo kikubwa ni mishipa ya moyo iliyoziba. Kwa vijana tunatafuta kasoro za kurithi, kama unene wa misuli ya moyo uliogunduliwa kwa Marc-Vivien Foé, Mkameruni aliyeanguka uwanjani Lyon mwaka 2003.

Kuzuia mtetemo huo, tulizitegemea dawa. Baadhi ya watu waliopona mshtuko wa moyo hubaki na mapigo ya ziada, nasi tukaamini kuyanyamazisha ni kuwakinga. Utafiti mkubwa wa Marekani ukawapa wengine encainide au flecainide, wengine vidonge vitupu. Mapigo yakanyamaza kweli. Lakini mwaka 1989 dawa hizo zikasitishwa: waliozimeza walikuwa wanakufa zaidi. Wanafunzi wangu huanza na utafiti huu, wazoee kutoridhika na karatasi ya vipimo iliyopendeza.

Sasa tutoke kwenye dawa, tuwaangalie watu walio karibu: tazameni Denmark. Mwaka 2001, kati ya walioanguka moyo ukiwa umesimama nje ya hospitali, asilimia 21 tu walibonyezwa kifua na mtu aliyekuwapo. Mwaka 2010 walifikia 45. Waliokuwa hai baada ya siku 30 walitoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Huduma za wagonjwa ziliboreshwa pia, hilo nalikubali, ila mafunzo yaliingizwa shuleni na kwa wanaotafuta leseni ya udereva.

Kila dakika inayopita bila msaada hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Na dakika hizo hupotea kirahisi. Aliyeanguka anaweza kurusha viungo, watu wakasema kifafa. Anaweza kukoroma kwa vipindi, wakasema anapumua, mpepeeni, mwagieni maji. Haitiki, hapumui kawaida? Piga simu, weka viganja katikati ya kifua, bonyeza sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Ndiyo maana ningependa idara yetu, kabla ya kuomba mashine nyingine ya wodini, ipime kwanza ni nani hufika upesi mtu anapoanguka sokoni au stendi, na kama dereva wa bodaboda aliyefundishwa Januari bado anabonyeza sawasawa ifikapo Desemba.