Jina Limebadilika, Cheti Je?



Hapa kwetu Kenya kubadili jina si jambo la ajabu. Mtu mzima humwendea wakili, akatia sahihi hati ya kuliacha jina la zamani na kulitwaa jipya, hati hiyo ikasajiliwa, kisha tangazo likachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mzee Jomo Kenyatta alizaliwa Kamau wa Ngengi, akabatizwa Johnstone, na jina tunalomkumbuka nalo si lolote kati ya hayo. Marehemu Ngugi wa Thiong'o alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1964 kwa jina la James Ngugi. Hakuna aliyesema hao ni watu wawili.

Lakini yuko mtu ambaye akibadili jina watu hushtuka. Ni yule aliyeandikwa mvulana alipozaliwa na sasa anaishi kama mwanamke, au aliyeandikwa msichana na sasa anaishi kama mwanamume. Siku hizi huitwa transjenda. (Tusimchanganye na huntha, ambaye mwili wake tangu kuzaliwa haukupambanua moja kwa moja jinsia yake, hilo ni suala jingine.) Huyu naye hupita njia ileile ya wakili na Gazeti Rasmi. Jina hulipata. Taabu humwanza anapokwenda kutafuta kazi.

Hebu fikiri, msikilizaji. Afisa wa kuajiri anatazama cheti, anatazama uso, anatazama cheti tena. Karatasi ina jina la kiume. Mbele yake ameketi mwanamke aliyevaa gauni. Mwombaji amebakiwa na mawili: amweleze mtu asiyemjua mambo yake yote ya faragha, au adhaniwe mwizi wa vyeti. Wengi huinuka wakaenda zao.

Audrey Mbugua hakwenda zake. Alifanya mtihani wa KCSE mwaka 2001 katika Shule ya Upili ya Kiambu, ambayo ni ya wavulana, akapata gredi ya A-. Baada ya kubadili jina kisheria aliliomba Baraza la Mitihani, KNEC, limtolee cheti chenye jina lake jipya, na kisicho na alama ya jinsia. Baraza likakataa. Mwaka 2013 akalipeleka mahakamani.

Tarehe 7 Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Audrey ana haki. Sababu zake zastahili kusikilizwa hata na wasiopendezwa na kesi yenyewe. Kanuni za Baraza lenyewe, alisema, ziliruhusu cheti kirudishwe kwa marekebisho. Tena hakuna sheria inayolazimisha jinsia ichapwe kwenye cheti, kwani mtihani hausahihishwi kwa kutazama jinsia ya mtahiniwa. Ukiondoa alama hiyo, gredi haipungui wala haizidi. Akataja pia heshima ya binadamu, ambayo Katiba ya 2010 inailinda katika kifungu cha 28. Baraza likapewa siku 45 kutoa cheti kipya.

Nami naongeza hili: Kiswahili chetu kilimtangulia jaji. Tukisema "amefaulu", hatujasema ni mwanamume au mwanamke. Tumesema amefaulu.

Wako wanaohofia kwamba mlango huu ukifunguliwa, matapeli watauingia. Hofu hiyo si ya kudharauliwa katika nchi ambayo vyeti bandia vimewapatia watu mishahara ya serikali. Ila tapeli hufanya kazi gizani. Hatangazi jina lake la zamani na la sasa katika Gazeti Rasmi, mahali ambapo polisi, benki na mkopeshaji wake wote wanaweza kusoma. Anayebadili jina kwa njia ya sheria ameacha nyayo, na mwenye shaka anaweza kuzifuata.

Tena anayezuiwa kulinganisha karatasi zake na maisha yake ndiye huishia kutuhumiwa. Mjini Eldoret, mwaka 2019, mtu mmoja aliyezaliwa mvulana na anayeishi kama mwanamke alikamatwa kwa tuhuma za kujifanya mtu mwingine. Mwezi Agosti 2025 Jaji Reuben Nyakundi aliamua kwamba haki zake zilikiukwa, akaagiza alipwe shilingi milioni moja. Aliitaka pia Serikali iandae sheria ya kuwalinda watu kama yeye.

Agizo hilo la mwisho ndilo la kutazamwa. Hukumu ya 2014 ilihusu cheti kimoja cha shule. Yako bado makaratasi ya kuzaliwa, kitambulisho na pasipoti, kila moja na ofisi yake na karani wake. Hatuwezi kumtaka kila mwenye shida hii akodi wakili na kungoja miaka, ofisi baada ya ofisi, ati kwa sababu Bunge linaona haya kulizungumza jambo hili.