Sheria Yayajua Mashirika ya Hiari, Bajeti Haiyajui

(Haya ni maelezo ya mazungumzo aliyoyatoa mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa serikali wilayani Temeke.)



Nimeombwa niseme jinsi sheria na bajeti za Serikali zinavyoyagusa mashirika ya hiari yanayohudumia watu: yale yanayolea yatima, yanayowatazama wagonjwa majumbani, yanayowafundisha kutembea watoto wenye ulemavu, yanayowatoa vijana katika dawa za kulevya. Sheria nitaipitia haraka. Kwenye fedha nitakawia, maana ndiko iliko shida.

Lakini kwanza tukubaliane kazi hii ni ya nani. Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, katika kifungu cha 94, inaikabidhi mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto katika eneo lake. Kifungu kinachofuata kinamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka hiyo. Basi mwalimu wa Mbagala au wa Tandale anapomwona mwanafunzi amekuja darasani siku ya tatu bila kula, na akagundua kwamba nyumbani hakuna mzazi wala mlezi, hana haja ya kujiuliza afanye nini. Ampelekee habari afisa ustawi wa jamii. Afisa ataandika, kisha ataanza kupiga simu: makao gani yana nafasi? Na aghalabu makao yatakayojibu ni ya shirika la hiari. Mtoto hufika pale na barua. Fedha za kumlisha mara nyingi hazifiki naye.

Hapo ndipo wajibu wa Halmashauri unapogeuka kuwa mzigo wa mtu mwingine.

Silaumu maafisa ustawi. Tazameni ukubwa wa kazi yenyewe. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,346,674 katika Temeke na 982,328 katika Kinondoni, na hayo ni baada ya Temeke kuiachia Kigamboni na Kinondoni kuiachia Ubungo. Serikali inayo Makao ya Taifa ya Watoto hapa Kurasini, na inayo makazi ya wazee kule Nunge, Kigamboni. Ni kazi ya heshima, ila mkoa wa watu 5,383,728 hauwezi kuegemea majengo hayo peke yake. Pengo limejazwa na watu wa hiari. PASADA, ya Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam, ilianza Chang'ombe mwaka 1992, wakati ambapo mgonjwa wa UKIMWI alikuwa akifichwa chumba cha uani. CCBRT ilianza mwaka 1994, na leo hospitali yake ya Msasani inajulikana nchi nzima kwa macho na kwa watoto wenye ulemavu. Mwaka 2010 shirika la Médecins du Monde lilianza kufanya kazi hapa Temeke na watu wanaotumia dawa za kulevya, wale ambao mtaani wanaitwa mateja na kufukuzwa hata barazani. Serikali ilipoanza kutoa methadoni, Muhimbili mwaka 2011 na baadaye katika hospitali za Mwananyamala na Temeke, dawa ilikuwa ya Serikali. Mashirika ndiyo yaliyowafuata wagonjwa vichochoroni na kuwaleta dirishani. Huo ndio mgawanyo wa kazi uliofaa kuigwa.

Sasa sheria. Mashirika haya yanaongozwa na Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Namba 24 ya mwaka 2002, iliyotanguliwa na Sera ya mwaka 2001. Sheria ilimweka Msajili, ikaweka Bodi ya Uratibu, na ikafanya kuendesha shirika bila kusajiliwa kuwa kosa la jinai. Kanuni za mwaka 2018 zilitaka mkataba wa fedha zinazozidi shilingi milioni 20 upelekwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kutiwa saini, na mapato na matumizi yatangazwe gazetini. Mwaka 2019 Bunge likapitisha marekebisho: waliokuwa wamejisajili kama kampuni zisizogawana faida, au kama vyama, au kama wadhamini, huku wakifanya kazi za mashirika haya, wakapewa miezi miwili kuhamia kwa Msajili. Shirika kubwa lenye mwanasheria wake lilihama bila kutoka jasho. Kikundi cha akina mama saba wa Charambe, ambao katiba yao iliandikwa na mwalimu mstaafu kwa mkono, miezi miwili ni kufumba na kufumbua.

Usimamizi huo una sababu, na si mimi nitakayeutetea ufiche wa hesabu. Wako waliofungua mashirika ya mkobani, wakapiga picha na watoto wa jirani, wakazipeleka ng'ambo na kujengea nyumba. Fedha inayoombwa kwa jina la yatima wa Yombo lazima ijulikane ilikoingia na ilikotokea. Ninalolisema ni kwamba sheria zote hizi zinaliuliza shirika maswali ya aina moja: wewe ni nani, umepata kiasi gani, kutoka kwa nani? Swali la pili, kwamba wewe unayetufanyia kazi yetu tukulipe nini, bado halijaandikwa.

Upande wa kodi kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na mlipeleke kwa viongozi wa makao mnaowafahamu. Cheti cha Msajili hakiondoi kodi ya mapato. Kwa kifungu cha 64 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, shirika huhesabiwa kuwa la hisani pale tu Kamishna wa Mamlaka ya Mapato anapotoa uamuzi wa maandishi kwamba linahusika na kuwaondolea watu umaskini au dhiki, elimu, afya ya umma na mambo ya jinsi hiyo. Asiyeuomba uamuzi huo hutazamwa kama mfanyabiashara mwingine yeyote. Tena, kodi ya mishahara ya walezi hukatwa vilevile, na Kodi ya Ongezeko la Thamani hulipwa dukani kwa kila bidhaa isiyosamehewa. Mwenye makao akinunua magodoro 20, kwa hesabu ya kodi ni sawa na mwenye nyumba ya wageni.

Kwa miaka mingi hatukuona uzito wa jambo hili, kwa kuwa mtu mwingine alikuwa akilipa. Tangu Marekani ilipoanzisha mpango wake wa UKIMWI, PEPFAR, mwaka 2003, fedha zake zilipita katika mashirika makubwa na kushuka hadi katika asasi za kata. Mradi wa Kizazi Kipya, ulioongozwa na shirika la Pact kati ya mwaka 2016 na 2021, ulikuwa wa jinsi hiyo: wahudumu wa kujitolea walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakiwafuatilia watoto walioathiriwa na UKIMWI, kwa posho ya mradi. Halafu, Januari 20, 2025, Rais wa Marekani akasimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na Julai 1 mwaka huohuo shirika la USAID likafungwa. Uamuzi ulifanywa Washington, lakini aliyeachwa bila jibu ni mhudumu wa mtaa aliyekuwa na daftari la majina mkononi.

Serikali haikukaa kimya. Bajeti ya mwaka 2025/26 ilileta tozo mpya, zikiwemo za mafuta na vinywaji, kwa ajili ya Mfuko wa UKIMWI na bima ya afya kwa wote. Ilikuwa hatua ya haki, na kila aliyepanda daladala ameichangia. Lakini angalieni fedha hizo zilielekezwa wapi: dawa, vipimo, matibabu. Mlezi, mpishi, nauli ya kumpeleka mtoto mlemavu kwenye mazoezi, kodi ya pango la nyumba ya makao. Haya hayana dirisha lake.

Ndugu walimu, ninyi mnajua vizuri kuliko mimi kwamba Serikali ikitaka inaweza kulipa kwa kichwa. Ruzuku ya uendeshaji wa shule imehesabiwa kwa miaka mingi kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na 25,000 kwa wa sekondari. Kiasi hicho mnakinung'unikia, na mna haki. Hata hivyo kipo kwenye vitabu na mnaweza kukidai. Mtoto yuleyule anahesabiwa akiwa ameketi kwenye dawati, na kengele ya jioni ikilia akarudi kwenye makao ya hiari, anatoka kwenye hesabu.

Wala hatuhitaji kubuni kitu kipya. Februari 1992 Serikali na makanisa yalitia saini hati ya maelewano juu ya huduma za jamii, na kutokana nayo hospitali nyingi za mashirika ya dini zimefanya kazi kama hospitali za wilaya, zikipewa ruzuku na watumishi wanaolipwa na Serikali. Baadaye ikaja mikataba ya huduma: Halmashauri inasema inataka nini, hospitali inasema itafanya kwa gharama gani, na wote wawili wanakaguliwa. CCBRT nayo imefanya kazi kwa ubia na Serikali. Kwa nini mkataba huohuo ufae kwa kitanda cha mzazi na usifae kwa kitanda cha yatima? Nimeuliza swali hili kwa watu wa ofisi mbalimbali, na jibu ninalolisikia ni moja: hakuna kifungu. Yaani hakuna mstari wa bajeti. Lakini mstari huandikwa na watu. Mwaka 2018 Bunge liliingiza katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa amri kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri iende kwenye mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya udhaifu wa usimamizi, ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Ni jambo jema. Lakini mkopo wa cherehani haumlishi mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kushika kijiko.

Wako watakaosema kwamba shirika likilipwa na Halmashauri litafunga mdomo wake. Hofu hiyo ni ya kweli, na mimi naiogopa kuliko hofu ya wizi, kwa sababu wizi una mkaguzi. Ndiyo maana napendelea mkataba wenye bei na idadi, unaobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kata, kuliko msaada unaotolewa kwa hisani ya mkubwa mmoja na kukatwa akikasirika. Mkataba pia utawapunguza wenye mikoba: asiye na mtoto hata mmoja hawezi kudai malipo ya watoto 40 mbele ya mwalimu anayewafundisha.

Mwisho, niseme mahali pa kuanzia. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na Bunge hujadili bajeti kuanzia Aprili, lakini wakati huo kwetu sisi mlango umekwisha kufungwa. Mipango huanzia mtaani, hupanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kwa Halmashauri, miezi mingi kabla ya hapo. Katika kamati hiyo mashirika ya hiari yanaweza kualikwa, bila haki ya kupiga kura. Yaalikwe basi, na yaje na daftari: watoto wangapi, wa mtaa gani, waliletwa kwa barua ya nani, na kila mmoja anagharimu shilingi ngapi kwa mwezi. Majina ya shule zao mnayo ninyi. Barua zilizowaleta, nakala zake ziko katika ofisi ya ustawi wa jamii.