Jina kwanza, bike baadaye

Maneno yaliyosemwa na kikundi chetu cha kazi ya tereni mbele ya wanachama, Kasongo



Komite ilituomba tuseme juu ya kuandika bahasha za mualiko wa ndoa, ambulope kama tunavyosemaka hapa, zipendeze bila kutusumbua vichwa. Wengine mlicheka. Chama cha watu waliorudi, chenye kazi ya mbegu na mabati, kinafuata nini katika bahasha? Tuanze na kosa letu wenyewe, njo mtaelewa.

Kiangazi kilichopita jamaa moja ya wanachama ilituomba tuiandikie bahasha zake, juu walisikia tuna mwandiko mzuri. Tulikuwa na haraka. Majina tuliyatoa katika listi yetu ya kugawa misaada, ilikuwa tayari ndani ya kompyuta. Tuliandika vizuri, herufi zimesimama sawasawa. Kesho yake mama mmoja alirudisha bahasha yake. Juu tulikuwa tumeandika "Kaple" na jina la bwana yake. Bwana yule walipotezana wakati wa kukimbia vita upande wa Salamabila, na mpaka leo hajaonekana. Mama hakugomba. Aliiweka mezani, akasema: "Huyu mliyemtanguliza, mkimkuta mnipe habari."

Toka siku ile hatuanzi na bike. Tunaanza na watu. Listi ya misaada ilitengenezwa juu ya kugawa mahindi. Inataka kujua nani kichwa cha nyumba na midomo mingapi, basi. Haijui kama mtu ni mjane, kama ameoa tena, kama anapenda kuitwa namna gani. Kwa hiyo kaeni jioni moja, wazee wawili kila upande, na kati yao mama wawe, juu mama njo wanajua nani alijifungua na nani aliachwa. Mmoja asome majina kwa sauti, mwingine aandike katika kaye. Mkifika kwa mama aliyepotezana na bwana yake, mtu amwendee amuulize. Mwingine atataka jina lake peke yake. Mwingine atataka la bwana libaki. Shauri hilo ni lake, si letu wenye kuandika.

Majina yenyewe yana matata yake. Wazee wetu walibatizwa jina la kizungu, halafu mwaka 1972 serikali ya Mobutu ikakataza majina yale, kila mtu akashika ya mababu. Baadaye ya kizungu yakarudi. Walioishi Nyarugusu, kule Tanzania, waliandikwa kwa desturi ya kule: jina lake, la baba, la babu. Basi mtu mmoja ana karatasi tatu na majina matatu. Usichague wewe. Uliza: "Mzee, tukuandike namna gani?" Swali hilo halimkasirishi mtu. Na kama katika mtaa wote anajulikana kwa jina la mtoto, tuseme Baba Amisi, andika jina lake kamili, na chini yake, kwa herufi ndogo, Baba Amisi. Mwenye kupeleka hatapotea.

Heshima msisahau. Aliyekwenda Maka ni Alhaji, na bahasha isiyosema hivyo imempunguza. Padri ni Padri, shehe ni Shehe, mwalimu hata akipumzika kazi ni Mwalimu. Mji huu umejua barua siku nyingi. Kabla ya Wabeleji kuuteka mwaka 1893 watu walikuwa wakiandikiana hapa kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na salamu zenyewe zilikuwa ndefu. Sisi tumebaki na mstari mmoja tu. Tuujaze vizuri.

Mwenye wake wawili je? Kadi za kuchapwa zinasema Bwana, Bibi, Kaple. Ukiandika Kaple, mke mmoja amefutwa, na arusi yenu imeanza na vita ya watu wengine. Hapa tumeona dawa moja: kila nyumba bahasha yake. Ya bwana moja, na kila mama ya kwake. Karatasi mbili zaidi ni rahisi kuliko kwenda kuomba musamaha.

Mahali: hatuna namba za nyumba, tusijifanye tunazo. Andika katiye au kijiji, kisha alama inayojulikana: nyuma ya soko, karibu na mwembe wa kanisa. Kwa wa Kabambare andika pia jina la chefu wa kijiji, juu pikipiki itafika kwake kwanza.

Sasa mkono. Nunueni bahasha kumi zaidi katika kila mia, za kuharibu. Jaribuni wino juu ya moja kwanza. Karatasi yenye kung'aa inakataa wino, unapaka tu. Chora mistari miwili ya kalamu ya risasi, hafifu, uifute wino ukikauka. Jina katikati na kubwa, mahali chini yake na padogo. Mtu mmoja aandike zote ili mwandiko ufanane, lakini asipite thelathini kwa siku, mkono unachoka na herufi zinaanza kulala. Msiandike usiku kwa mwanga wa simu. Na kabla ya kubandika, yule aliyesoma majina katika kaye asome tena juu ya bahasha.

Wakati wa mvua zifungeni ndani ya plastiki, tano tano kwa njia moja, si zote kwa mtu mmoja.

Kwa jamaa ambao bado hawajarudi, andikeni bahasha yao pia. Ipigeni picha, muitume kwa simu, na yenyewe ibaki nyumbani kwa ndugu. Mzee mmoja aliikuta yake miezi mingi baada ya arusi ya mjukuu wake. Watoto walitaka kumsomea kadi ya ndani. Alisema wangoje kwanza, akabaki anaiangalia nje, pale palipoandikwa jina lake na, chini, Kabambare.