Maneno ya Mlimani Yaandikwe



Katika miaka ya 1970 wataalamu Derek Nurse na Gérard Philippson walikusanya maneno ya lugha nyingi za Tanzania, Kichaga kikiwamo. Wasemaji waliulizwa orodha moja ya maneno yapata 1,000. Ndiyo maana Kimachame na Kirombo vyaweza kulinganishwa. Baadaye orodha hizo ziliingizwa katika hazina ya kompyuta iliyoanzishwa 1994 huko Berkeley, Marekani, ili watafiti wote wazitumie.

Lakini maneno 1,000 hayamalizi habari za kihamba wala mfongo. Hapa Pasua twasema Kiswahili. Wenye maneno hayo wako mlimani, nao wanazeeka. Vijana, likizo hii chukueni daftari: andikeni neno, maana yake na kijiji linakotumika. Kisha daftari lije shuleni, wengine wasome. Neno lililofungiwa sandukuni huzikwa na mwenyewe.